Mzamiaji Akifa, Wenzake Wafanye Nini?

KISOMO CHA WATU WAZIMA
Somo la redio, limepigwa chapa kwa ajili ya madarasa

Ninyi mlio darasani, sogeeni karibu na redio. Na mwalimu wenu ashike chaki, maana leo ziko tarakimu chache za kuandika ubaoni.

Somo letu limetoka katika swali la darasa la Kwa Sadala, wilaya ya Hai, kando ya barabara kuu ya Moshi kwenda Arusha. Wanafunzi wa darasa hilo walikuwa wakisoma habari ya gari lililotumbukia baharini kule Likoni, Mombasa. Wakauliza hivi: Mtu akizama, na wazamiaji wapo, kwa nini wasishuke mara moja wakamtoa? Tena mzamiaji mwenyewe akifa kazini, wenzake hufanya nini?

Twaambiwa darasa liligawanyika pande mbili. Upande mmoja ulisema mzamiaji anayesitasita ni mwoga. Upande wa pili ukasema asiyesitasita ni mjinga. Basi sisi hatutawapatanisha kwa maneno matupu. Tutaeleza mambo yaliyotokea, kisha kila mtu apime mwenyewe.

Labda mwingine atasema, "Sisi ni watu wa mlimani. Bahari iko mbali. Habari za kuzama zatuhusu nini?" Ndugu, ngoja kidogo. Kabla somo halijaisha utaona kwamba zatuhusu sana, wewe na kisima chako.

1. HABARI YA LIKONI

Jioni ya Jumapili, tarehe 29 Septemba, 2019, gari dogo liliteleza kutoka katika feri pale Likoni, likatumbukia majini. Ndani yake walikuwamo mama na mtoto wake wa kike wa miaka minne. Watu waliokuwa ferini waliona kwa macho yao gari likizama.

Msako ulichukua siku nyingi. Wanamaji wa Kenya waliutafuta mwili wa mama na wa mtoto, na baadaye wakaja wazamiaji wengine, wakiwamo waliotoka Afrika Kusini. Gari lilitolewa Ijumaa, tarehe 11 Oktoba. Lilikuwa chini kabisa, mita 58 kutoka juu ya maji.

Siku hizo zote jamaa walikaa ufuoni wakingoja. Watu wengi walikasirika. Walisema, "Mita 58 ni kitu gani? Ni hatua chache tu." Ni kweli, juu ya ardhi mita 58 ni mwendo wa chini ya dakika moja. Lakini kwenda chini ya maji ni safari nyingine kabisa. Mkondo wa Likoni una maji yaendayo kwa nguvu, meli kubwa hupita, na huko chini ni giza. Tena liko jambo kubwa kuliko hayo yote, nalo ni uzito wa maji.

2. MAJI YANA UZITO

Nenda sokoni Kwa Sadala siku ya soko. Tazama magunia ya mahindi yaliyopangwa moja juu ya jingine. Gunia la juu halibebi kitu. La pili labeba moja. La tatu labeba mawili. Lile la chini kabisa labeba yote.

Maji nayo ni vivyo hivyo. Maji ya juu huyakandamiza ya chini, na kadiri unavyoshuka ndivyo unavyozidi kukandamizwa. Hata hewa ina uzito, ijapokuwa hatuuoni. Tukiwa pwani, hewa yote iliyo juu yetu hutukandamiza kwa kipimo fulani. Kipimo hicho tukiite MOJA. Sasa mwalimu aandike ubaoni:

Juu ya bahari: 1
Mita 10 chini: 2
Mita 20 chini: 3
Mita 30 chini: 4
Mita 58 chini: karibu 7

Yaani kila mita 10 za maji ya bahari huongeza kipimo kimoja. Mwili wetu kwa sehemu kubwa ni maji, na maji hayashindiliki kwa urahisi, kwa hiyo mzamiaji hapondeki. Lakini hewa hushindilika. Kwa sababu hiyo mzamiaji hupewa hewa iliyoshindiliwa ndani ya mtungi wa chuma, naye huivuta kwa mdomo kupitia mpira. Mashine ya mtungi humpa hewa yenye mgandamizo ulio sawa na wa maji yaliyomzunguka.

Mitungi ya namna hii ilipata kutumika sana baada ya mwaka 1943. Mwaka huo Wafaransa wawili, Jacques Cousteau na Émile Gagnan, walitengeneza kifaa kizuri cha kupimia hewa itokayo mtungini.

Sasa fanyeni hesabu. Kama mtungi mmoja unamtosha mtu dakika 60 juu ya maji, akiwa mita 10 utamtosha dakika ngapi? Huko kila pumzi moja hula hewa ya pumzi mbili. Basi ni dakika 30. Na akiwa mita 58? Kila pumzi hula hewa ya karibu pumzi saba. Mtungi uleule haufiki dakika 9. Hapo bado hajatafuta gari gizani, hajafunga kamba, na hajaanza safari ya kurudi. Tena mtu afanyaye kazi nzito hupumua mara mbili au tatu zaidi ya aliyekaa.

3. CHUPA YA SODA

Jambo la pili ni gumu kidogo, lakini kila aliyewahi kufungua soda amekwisha kuliona.

Soda ikiwa imefungwa, hutaona mapovu. Gesi imo, lakini imeshindiliwa, imeyeyuka ndani ya maji. Fungua kizibo kwa ghafula, mapovu hufurika hadi mkononi. Fungua polepole, kidogokidogo, na gesi itatoka kwa utulivu.

Hewa tunayovuta, sehemu kubwa yake ni gesi iitwayo naitrojeni. Juu ya ardhi haitudhuru. Lakini mzamiaji akikaa chini, naitrojeni hushindiliwa mwilini mwake, ikayeyuka katika damu na nyama, kama gesi ya soda. Akipanda juu haraka, damu yake hufanya mapovu. Viungo humuuma, miguu huweza kupooza, na wengine hufa. Huo ndio ugonjwa wa wazamiaji.

Mwaka 1908 mtaalamu wa Uingereza, John Scott Haldane, alitoa majedwali ya kumwonyesha mzamiaji jinsi ya kupanda kwa vituo. Alikuwa amefanya majaribio yake kwa mbuzi. Mzamiaji hupanda kidogo, akasimama, akangoja gesi itoke mapafuni mwake, kisha akapanda tena. Kadiri alivyokwenda chini zaidi na kukaa zaidi, ndivyo vituo vinavyoongezeka.

Watu wa Machame na Marangu, ninyi mwalijua neno hili "polepole" kuliko mtu yeyote. Kila mpagazi humwambia mgeni, "Polepole." Juu ya Kibo, mita 5,895, mgandamizo wa hewa ni karibu nusu tu ya ule wa pwani, na mgeni akipanda mbio kichwa humpasuka, hutapika, na mapafu yake huweza kujaa maji. Ugonjwa wa mlimani si ule wa wazamiaji. Wa mlimani watokana na upungufu wa oksijeni, na wa wazamiaji watokana na mapovu. Lakini sheria iliyo juu ya yote mawili ni moja: mgandamizo ukibadilika, mwili wahitaji muda.

Neno la faida kwa madereva na waongozaji wa mlima. Wako wageni wanaopiga mbizi kwanza Unguja au Pemba, kisha wakapanda ndege kuja uwanja wa Kilimanjaro. Ndege nayo hupunguza mgandamizo. Wataalamu hushauri mtu aliyezama mara kadhaa angoje saa 18 au zaidi kabla ya kupanda ndege, na wengi husema ni vyema angoje saa 24. Kupanda mlima ni vilevile. Mwulizeni mgeni wenu, "Mara ya mwisho ulipiga mbizi lini?" Swali hilo halina gharama. Na kama viungo vyauma, au miguu inakufa ganzi, msiseme ni uchovu wa safari. Mpelekeni hospitali, na mmweleze daktari kwamba alipiga mbizi. Dawa yake ni oksijeni, na kumweka katika chumba cha chuma kinachoshindilia hewa, kisha kuupunguza mgandamizo polepole. Vyumba hivyo katika Afrika Mashariki ni vichache mno.

4. SHIMO LA BOESMANSGAT

Sasa twaingia katika swali la pili: mzamiaji akifa, wenzake hufanya nini? Tutaeleza habari moja ya kweli kutoka Afrika Kusini.

Huko, katika jimbo la Northern Cape, liko shimo la maji liitwalo Boesmansgat. Juu laonekana kama kidimbwi kidogo kati ya majabali. Ndani lapanuka, na kina chake chapita mita 270. Tena liko katika nchi ya juu, karibu mita 1,500 toka usawa wa bahari, kwa hiyo wazamiaji wake wahitaji vituo vingi zaidi wanapopanda.

Mwezi Desemba, 1994, kijana wa miaka 20 alizama humo pamoja na wenzake. Wakati wa kurudi alipoteza fahamu, akashuka gizani. Alitafutwa, hakupatikana. Wazazi wake walikaa miaka kumi bila kaburi la mtoto wao.

Mwezi Oktoba, 2004, alikuja mzamiaji mmoja mashuhuri, Dave Shaw. Alikuwa Mwaustralia, rubani wa ndege, mtu mtulivu mwenye kupanga mambo yake. Alishuka mita 270, kina ambacho watu wachache mno duniani wamekifika, na huko chini taa yake ikamwangukia yule kijana. Alijaribu kumwinua, akashindwa. Akafunga kamba ya kuonyesha mahali, akarudi juu kwa vituo vingi, safari ya saa zaidi ya tisa. Kisha akaahidi kwamba atarudi kumchukua. Wazazi walikubali kwa shukrani.

Walijipanga kwa miezi miwili. Shaw na rafiki yake, Don Shirley, walikusanya wazamiaji wengi pamoja na polisi na madaktari. Kila mmoja alipewa kina chake na dakika yake. Shaw atashuka peke yake hadi chini. Atakaa dakika tano tu, amweke marehemu katika mfuko, kisha apande. Kupanda kutachukua kama saa 12.

Tarehe 8 Januari, 2005, alishuka. Kichwani alifunga kamera.

Walidhani watakuta mifupa iliyokwama topeni. Lakini mwili ulikuwa haujaoza wote, na ulipoguswa ukaanza kuelea. Ulikuwa mgumu kushika. Taa ya Shaw ilikuwa mkononi. Akaiweka chini ili afanye kazi kwa mikono miwili, na waya wake ukanasa katika kamba. Akaanza kuhangaika. Akapumua mbio.

Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Katika kina kile mgandamizo ni karibu mara 27 ya ule wa juu. Hewa yenyewe huwa nzito, na kuivuta na kuitoa ni kazi. Mtu akihangaika, mwili hutengeneza hewa chafu nyingi, ile tuitoayo kwa pumzi. Mapafu hayawezi kuitoa yote kwa sababu hewa ni nzito. Hewa chafu ikizidi katika damu, mtu huona anakosa pumzi, kwa hiyo hupumua mbio zaidi. Kupumua mbio nako ni kazi, nayo huongeza hewa chafu. Ni kama mtu aliye katika tope la mbuga: kadiri anavyopiga mateke ndivyo anavyozama. Baada ya dakika chache Dave Shaw alipoteza fahamu. Hakuamka tena. Alikuwa na miaka 50.

Juu yake, Don Shirley aliona mwanga wa taa chini usiosogea. Akaanza kumfuata rafiki yake. Alipokaribia mita 250, kifaa chake cha kuongoza hewa kilipasuka kwa mgandamizo. Hapo alikuwa na shauri moja la kukata, nalo lilitaka kukatwa kwa muda wa pumzi chache. Akishuka, watakufa wawili. Akageuka.

Alikaa majini zaidi ya saa kumi akipanda kwa vituo. Alitapika, alizunguka kichwa, hakujua juu ni wapi wala chini ni wapi, maana povu la gesi lilikuwa limeingia katika sikio la ndani. Wenzake walishuka kwa zamu kumletea mitungi na kumshika. Aliokoka, lakini tangu siku hiyo mwili wake haukupata tena uthabiti wake wa zamani wa kusimama.

Siku nne baadaye, tarehe 12 Januari, wazamiaji walikuwa wakivuta kamba na vifaa vyao vilivyobaki. Wakaona kitu kinapanda. Dave Shaw alikuwa amenaswa katika kamba, na chini yake, ameshikana na taa na kamba zile zile, alikuwamo yule kijana. Shaw alitimiza ahadi yake, lakini kwa bei ya maisha yake.

5. WENZAKE WALIFANYA NINI?

Ndugu wanafunzi, baada ya msiba kama huu ziko njia nyingi za kuzungumza.

Njia ya kwanza ni kusema, "Siku zake zilifika." Neno hili ni faraja katika msiba, wala hatulidharau. Lakini halimsaidii yule atakayeshuka kesho. Njia ya pili ni kutafuta wa kulaumu. Marehemu hawezi kujitetea, kwa hiyo mara nyingi lawama zote humwangukia yeye. Njia ya tatu ni kunyamaza kwa aibu.

Wazamiaji nao ni watu. Zote tatu wamezipita. Lakini wengi wao wamejifunza njia ya nne, nayo ni kuuliza: Mambo yalifuatana namna gani, moja baada ya jingine, mpaka kifo?

Mwaka 1979 Mmarekani Sheck Exley, mzamiaji wa mapangoni, alitoa kijitabu. Watu wengi walikuwa wakifa katika mapango ya maji huko Florida. Yeye alichukua vifo hivyo, akavichambua kimoja kimoja, akaona vinafanana. Mara nyingi marehemu hakuwa amefunga kamba ya kumrudisha mlangoni, au hakuweka akiba ya hewa, au alikwenda chini kupita kiasi. Basi zikawekwa kanuni. Moja yao ni hii: gawa hewa yako mafungu matatu. La kwanza la kuingia, la pili la kutoka, la tatu usiliguse. Ni la dharura, yako au ya mwenzako. Exley mwenyewe alikufa akizama Mexico mwaka 1994. Kujua hatari si kinga ya kila hatari. Lakini kanuni zile zingali zinafundishwa mpaka leo.

Mwaka 1980 huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Duke, ulianzishwa mtandao wa kuwasaidia wazamiaji wenye ajali, uitwao DAN. Hukusanya habari za vifo na kuzichambua. Katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2008 walitazama vifo 947. Pale chanzo kilipojulikana, vifo 41 katika kila 100 vilianza kwa upungufu wa hewa mtungini. Si papa wala pepo wa baharini. Ni mtungi ambao mtu hakuutazama mapema.

Na kifo cha Dave Shaw? Kamera ile ya kichwani ilikuwa imerekodi kila pumzi yake. Ilikuwa kazi chungu, lakini wenzake waliitazama picha ile, wakahesabu pumzi. Mwaka 2007 daktari Simon Mitchell na wenzake waliandika katika jarida la udaktari wakieleza jinsi hewa nzito ilivyomshinda. Mwaka 2016 kikatolewa kipimo cha uzito wa hewa: isizidi gramu 5.2 kwa lita, na kwa vyovyote isipite 6.2. Hewa tunayovuta hapa nje ni karibu gramu 1.2 tu. Hivyo pumzi za mwisho za mtu mmoja zimekuwa somo kwa wengi wasiomjua.

Jambo jingine walilojifunza ni gumu kulisema mbele ya wafiwa: Aliyekufa amekwisha kufa. Anayekwenda kumtoa yu hai. Kwa hiyo mwenye kuamua asiwe na haraka ya mtu aliyeshikwa na uchungu. Hapa ndipo mnapoweza kuielewa Likoni. Katika pango la Tham Luang, Thailand, mwaka 2018, mwanamaji wa zamani Saman Kunan alikufa tarehe 6 Julai alipokuwa akirudi kupeleka mitungi ya hewa kwa ajili ya watoto 12 na mwalimu wao wa mpira walionaswa humo. Wenzake walilia, lakini hawakukimbilia ndani kwa hasira. Walipanga, wakajaribu, kisha wakawatoa wote kumi na watatu wakiwa hai, kati ya tarehe 8 na 10.

Na mwezi uleule wa ajali ya Likoni, Septemba, 2019, kisiwani Pemba mgeni mmoja alifariki akipiga mbizi kwa pumzi yake tu, bila mtungi, akiwa peke yake. Wazamiaji hawakuacha kurudia neno lao la zamani: usizame bila mwenzako wa kukuangalia. Hata fundi hodari aweza kupoteza fahamu bila kujijua.

6. NA SISI WA MLIMANI?

Sasa turudi nyumbani. Tuseme mtu ameshuka kisimani kutoa ndoo iliyoanguka. Amekawia. Ndugu yake anachungulia, anamwona amelala chini. Anashuka kumtoa, naye anaanguka. Jirani anashuka, naye vilevile. Kisima kimoja, jeneza tatu. Mambo ya namna hii yamekwisha kutokea vijijini, katika visima na katika mashimo ya choo.

Je, wa pili na wa tatu walikuwa wajinga? Hapana. Walikuwa na upendo, kama Dave Shaw. Lakini upendo haubadilishi hewa iliyo shimoni. Hewa chafu ni nzito kuliko hewa njema, kwa hiyo hukaa chini kama maji bakulini. Haina rangi, na mtu haioni. Na mashine ya kuvuta maji ikiwashwa ndani ya kisima, moshi wake una sumu iuayo upesi.

Basi andikeni kanuni hizi daftarini:

Kwanza, mtu akianguka shimoni, usishuke. Piga kelele, ita watu, na piga simu 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Pili, kama ana fahamu, mteremshie kamba.

Tatu, asishuke mtu yeyote kisimani, hata siku ya kazi ya kawaida, pasipo kamba kiunoni na watu wawili juu wenye nguvu za kumvuta.

Nne, wazee walishusha taa kupima hewa. Taa ikizimika, ni hatari. Lakini ikiwaka, usiseme ni salama. Moshi wa mashine hauizimi taa, nao unaua. Wala usishushe moto katika shimo la choo, maana gesi yake huweza kulipuka.

Tano, mtu akizama lamboni, mtoni au katika Bwawa la Nyumba ya Mungu, usimrukie. Mtu anayezama humshika mwokozi shingoni, wakazama wote. Mnyoshee fimbo au kanga. Mtupie kamba, au dumu tupu lililofungwa kizibo. Kwanza mikono, kisha kamba, kisha mtumbwi. Kuogelea kumfuata ni kazi ya aliyefundishwa.

Na baada ya msiba? Zikeni, lieni, mpeni mfiwa mkono. Kisha, siku zikipita, kaeni barazani mjiulize: Nini kilitokea? Kilianzia wapi? Ni mahali gani kingaliweza kukatizwa? Kesho tubadili nini? Labda ni mfuniko wa kisima. Labda ni kamba ya shilingi chache. Mkiishia katika kumtafuta mchawi au mzembe, kisima kitabaki wazi vilevile, na mtoto atakwenda kuchota maji.

Darasa la Kwa Sadala, ninyi mliuliza: mwoga au mjinga? Don Shirley aligeuka akimwacha rafiki yake chini. Mimi simwiti mwoga. Dave Shaw alishuka kwa ajili ya mtoto wa mtu asiyemjua. Mimi simwiti mjinga. Ninyi zungumzeni, kisha tuandikieni mlivyoafikiana.

MANENO YA SOMO

Mzamiaji: mtu ashukaye chini ya maji kwa kazi au mchezo.
Mtungi: chombo cha chuma chenye hewa iliyoshindiliwa.
Mgandamizo: nguvu ya kitu kinachokandamiza kingine.
Kituo: mahali mzamiaji anaposimama kungoja gesi itoke mwilini.
Akiba: kitu kilichowekwa kwa dharura.

MASWALI YA DARASA

1. Mzamiaji akiwa mita 40 chini ya bahari, amekandamizwa na vipimo vingapi?
2. Mtungi wa dakika 60 utamtosha dakika ngapi akiwa mita 20?
3. Kwa nini Dave Shaw alipopumua mbio hali yake ilizidi kuwa mbaya?
4. Kisima kilicho karibu nawe kina mfuniko? Kamba iko wapi? Nani anajua?
5. Andika sentensi tano: "Siku ile Don Shirley alipogeuka."

Jibu la swali la nne msilijibu darasani. Mwalimu atoke na darasa lake, mwende mkakitazame.

Hadi somo lijalo, kwaherini.